Wazee Hawakunywa Kahawa

Watu wakisikia kwamba mume wangu alikuwa liwali wa Ibra, husema, "Ee bibi, mlifaidi." Hawajui kitu. Liwali ndiye mkubwa wa serikali katika wilaya yake: husuluhisha ugomvi, hupokea wageni, na mlango wa barza yake, ukumbi wa wageni, haufungwi. Wa mkewe ndio unaofungwa.

Sisi ni Waarabu wa Unguja. Tulifika Oman katika miaka ya sabini, yeye na vyeti vyake, mimi na cheti changu cha ualimu na watoto wawili. Serikali ilikuwa mpya, inatafuta watu waliosoma. Akaanza ukarani Sur, akawa naibu liwali Izki, na kote huko mimi nilisomesha, nikitoka asubuhi na mkoba wangu kama watu wengine. Kisha akapandishwa, akapelekwa Ibra. Siku ile nilipiga vigelegele, mjinga mimi.

Ibra ina pande mbili, wa juu na wa chini, na kila upande una macho. Nikienda kumtazama mzazi aliyejifungua upande wa juu, lazima kabla ya magharibi nitafute mfiwa wa kumpa mkono upande wa chini. Nikicheka harusini huku, kule wanauliza mbona kwao sikucheka. Shule alinikataza mume wangu mwenyewe. "Ukimfelisha mtoto wa mtu," alisema, "baba yake atakuja barzani kunidai mimi." Soko la wanawake la Jumatano nililikanyaga mara moja tu. Hakuna aliyekubali kuniuzia, wote walitaka kunipa, na jioni askari alizungushwa mji mzima kurudisha kanga na udi. Basi nikakaa ndani. Dirisha la jikoni lilitazama ukuta, na ukuta ule niliujua kila ufa. Nilikuwa na hasira, na katika nyumba ya serikali hasira haina pa kwenda.

Mama yangu alikuwa Matrah, ubavuni mwa Maskati, kwa kaka yangu, macho yanamwishia. Kila alipopata msafiri wa kuja Ibra alimpa salamu zile zile: "Mwambieni aje kabla sijaanza kumjua kwa kumpapasa." Lakini mke wa liwali haondoki tu. Sikukuu ndiyo wageni wanajaa, na wageni wakijaa, nani atapika?

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ukaja ujumbe kutoka wizarani. Mume wangu amewekewa nafasi Maskati akiitaka. Ilibaki ajibu tu.

"Tunakwenda, mama watoto," aliniambia. "Utasomesha tena, na mama utamwona kila siku."

Nikaanza kufunga vyombo kwenye magazeti. Sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye siku zile.

Ibra habari haihitaji gari. Kabla hata hajaandika jawabu, asubuhi moja wakaja wazee, wa juu na wa chini pamoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipika kahawa mwenyewe, nikatia iliki kwa mkono wa furaha, askari akachukua dele na sahani ya tende. Nami nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa barza, kama nilivyozoea, maana ndiyo ilikuwa sinema yangu.

Wakamiminiwa. Kila mzee akapokea finjani yake, akaiweka chini mbele yake. Hakuna aliyeigusa. Nikawaza: nimeiunguza. Kwetu Unguja mgeni akiacha kahawa, aibu ni ya mpishi. Nikamwona mume wangu anatazama zile finjani, anatazama pazia, na nikajua naye amewaza hivyo hivyo. Akataka kunistiri.

"Kunyweni, wazee wangu," akasema kwa ukarimu wote. "Kunyweni, na mtakalo litakuwa."

Wakanywa wote kwa pamoja. Mkubwa wao akaitikisa finjani yake kuonyesha ametosheka, akasema, "Allah akulipe, sheikh. Tulilolitaka ni hilo tu, usituhame."

Nikarudi jikoni. Alikuwepo bibi mmoja jirani, aliyekulia Tabora akarudi Ibra mtu mzima. Alisikia yote. Akaweka kinu chini.

"Mwanangu, usifunge tena vyombo."

"Kwa nini, bibi?"

"Mtu wa huku akija na haja kubwa, kahawa haigusi mpaka apewe. Na mwenye nyumba akishamwambia kunywa, ameshatoa. Liwali gani huyu asiyejua hayo?"

"Liwali wa Unguja," nikamjibu, nikakaa chini palepale penye majivu.

Wageni walipoondoka mume wangu akaingia, akakaa juu ya sanduku nililokwisha kulifunga. "Sikujua," alisema.

"Waambie hukujua."

"Liwali akisema barzani kwamba neno lake hakulijua, kesho nani atamsikiliza?"

Akaandika jawabu la kukataa. Wangemchukia tungehama kwa furaha, lakini walimpenda, na mapenzi yao sikuwa na pa kuyashtaki. Vyombo nikavifungua kimoja kimoja. Miaka ikapita, naye akasifiwa mpaka Sur kwamba ni mtu wa ahadi.

Matrah nilifika mwishowe, siku za Idi, kwa ruhusa iliyoombwa kama ya jeshi. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye mashavu, polepole. "Umekonda," alisema. 

Niliporudi Ibra, jioni moja watu walipungua barzani, mume wangu akaja ndani tukakaa kwenye mkeka, sisi wawili tu. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nikaipokea finjani, nikaiweka chini mbele yake, nikakunja mikono.

Akaitazama. Wakati ule hakuna mtu katika mkoa mzima wa Sharqiyah aliyeijua desturi ile kuliko yeye. Nikangoja. Akazungumza habari za falaji, mfereji wa maji, iliyoziba upande wa chini, na joto, na ugomvi wa kusuluhishwa kesho. Akanywa yake, akajimiminia nyengine. Yangu ikapoa pale mkekani, na hakuniambia ninywe.