Kadi Zilizopangwa kwa Majina ya Waume

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa kadi katika zahanati moja nje kidogo ya Pangani, na nilijiona mtu wa maana kupita daktari. Yeye aliwatibu wagonjwa. Mimi ndiye niliyejua walipo kwenye droo.

Aliponiuliza kadi za wanawake tuzipange kwa kitu gani, sikufikiri mara mbili. Kwa jina la mume, nikamwambia. Mwanamke leo ataitwa binti fulani, kesho mama fulani. Mume ni yule yule. Daktari, ambaye hakuwa mtu wa pwani, akanisifu. Mimi niliyezaliwa hapa hapa sina cha kujitetea.

Asubuhi moja aliletwa mwanamke ana homa kali, kifua kimembana, amemwegemea mama mkwe wake. Nesi alikwisha kuvuta dawa kwenye sindano. Mgonjwa akasema kwa shida kwamba mwaka uliopita alichomwa sindano hapa hapa ikataka kumuua, ila hajui ilikuwa dawa gani. Asipochomwa angeweza kufa. Akichomwa isiyomfaa, vilevile. Jibu lilikuwa kwenye kadi yake.

"Jina la mume?" nikauliza.

Akajiziba mdomo kwa kanga. "Baba watoto wangu."

"Jina lake, dada."

"Nimtaje mume wangu hivi hivi, mbele za watu? Sikulelewa hivyo mie."

Nikamgeukia mama mkwe. "Shikamoo bibi. Mwanao anaitwa nani?"

"Marahaba. Huyo kapewa jina la baba mkwe wangu. Sijalitamka tangu niolewe. Mie namwita Bwana Mkubwa."

Kwenye droo zangu hakukuwa na Bwana Mkubwa. Nesi alinitazama, sindano mkononi, na hofu ikanipanda. Nikaichomoa droo nzima nikaanza kusoma waume za watu kwa sauti, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina darasani, wao waitikie kwa kichwa. Droo ya kwanza ikaisha. Ya pili, karibu na mwisho, vichwa viwili vikainama pamoja.

Kadi ilikuwa na wino mwekundu: asipewe penisilini. Nesi akaiweka sindano chini, akafuata dawa nyingine kabatini. Niliona haya kuliko siku yoyote.

Nikachukua kadi mpya. "Na wewe, dada, unaitwa nani?"

Akalitaja papo hapo, lake na la baba yake na la babu yake. Kwenye kadi ya zamani sikuwa nimeliachia hata mstari.