Namba Chini ya Mawese

Land Rover ya babu ilikaa uani kwetu Kibondo miaka mingi kuliko umri wangu, imepandishwa juu ya mawe manne, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Tangu babu afariki hakuna aliyeiwasha. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na habari nayo. Kila mvua zilipokaribia alichukua kitambaa na kopo la mawese, akajipenyeza uvunguni na kuvipaka vile vyuma, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Sisi wajukuu tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na ni mimi niliyekuja kulitaka hilo gari.

Shule niliishia kidato cha pili, ila kuota sikuacha. Ndoto yangu ilikuwa kumpeleka bibi kijijini Gwarama, kwa mdogo wake, ambaye miguu imekataa na hawezi tena kuja kututembelea. Bibi alikubali kwa sharti moja, gari likubaliwe na serikali kwanza. Zamani aliwahi kushushwa njiani na vifurushi vyake kwa sababu gari alilopanda halikuwa na vibali, akatembea mpaka miguu ikavimba.

"Sipandi gari lisilo na karatasi, mume wangu," aliniambia, maana huniita hivyo kwa utani, "hata ulitandike godoro."

Fundi mmoja wa Kasulu akalipokea likiwa juu ya lori. Injini ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, akafunga ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu, akaweka na breki mpya. Siku lilipounguruma mara ya kwanza nilicheza peke yangu pale gereji, mafundi wote wananitazama.

Sasa injini haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Ilibidi mkaguzi wa polisi alikague gari na kusaini, ndipo ofisi ya mapato itoe kadi mpya. Fundi alinieleza hayo mara tatu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kopo la rangi nyeusi. Ijumaa, yeye akiwa msikitini, nililala chini nikaipaka chasisi yote. Sikukwangua, sikuosha. Nilitaka ing'ae tu.

Jumatatu mkaguzi akaja, mtu mzima mpole. Tulisalimiana kwa Kiha, kwa kupiga makofi kama ilivyo desturi, nikaona mambo yangu safi. Alizisifu breki. Taa, honi, indiketa, namba ya injini, kote akaweka tiki, na kila tiki ilinirusha moyo. Halafu akainama kwenye gurudumu la mbele kulia, akamulika tochi.

"Kijana, namba ya chasisi iko wapi?"

Nilichungulia. Weusi mtupu. Akasema bila namba hiyo hawezi kujua kama gari hili ndilo la kwenye kadi, na tusithubutu kuweka mashine ya kusagia chuma, maana namba iliyochunwa ni kesi nyingine.

"Tajiri," fundi akaniuliza taratibu, "ulipaka lini?"

Nilisogea pembeni nikampigia bibi, asije akafunga mizigo bure. Kumbe alishafunga. Nilipoanza kujieleza akanikatiza.

"Hapo juu ya springi, upande wa dereva?"

"Hapohapo, bibi."

"Hapo nilikuwa napaka kuliko pote. Babu yako alinionyesha, akasema pakiliwa na kutu hapa, gari litakuwa halina mwenyewe. Kwaruza kwa kucha tu, mume wangu. Rangi gani itashika juu ya mafuta yangu?"

Nikarudi kumwomba afande ruhusa ya kutumia kucha. Rangi iliachia yenyewe, vipande vizima, kama ganda la kidonda kilichopona. Chini yake kulikuwa na tabaka la mawese yaliyokauka na vumbi la miaka. Nililifuta kwa tambara lenye dizeli, tarakimu zikajitokeza mojamoja, kali kama zimegongwa jana. Afande akaweka karatasi juu yake, akasugua kwa penseli, nami nikasoma kadi kwa sauti. Zote zilikuwa sawa.

"Huyo bibi yako angefungua gereji," alisema huku akisaini, "ninyi wawili mngekosa kazi."

Kadi mpya ilipotoka nililiendesha mwenyewe mpaka Kibondo, nikipiga honi hata pasipo na mtu. Bibi alinisubiri uani na kitenge kipya, kifurushi kichwani. Aliomba kadi kwanza, akanitaka nimsomee yote mpaka mwisho. Nilipomfungulia mlango hakupanda. Alikwenda na kopo lake hadi kwenye gurudumu la mbele kulia, akachutama. Safari hii sikucheka. Nililala kando yake nikamshikia kopo, akaipaka ile namba mpaka ikameremeta.

Kisha akafuta mikono, akapanda mbele, akauliza kama Gwarama tutafika leo au bado nina rangi ya kupaka.