Mapumziko ya Saa Nne

Mtu wa kushinda ndani kama mimi akitoka siku moja, hakosi kuharibu kitu. Nilikwenda kikao cha wazazi shuleni kumwakilisha dada yangu, nikanyoosha mkono. Nikasema wanafunzi wanachati vipindini, simu zao zifungiwe ofisini mpaka kengele ya kutoka. Makofi yakapigwa, hoja ikapita. Nilirudi mtaani kwetu Ng'ambo natembea kama mbunge.

Niliyemsahau ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Binti yake alifariki msimu wa mvua, akiwa kidato cha tatu shuleni hapo hapo, na kwenye kundi la darasa la WhatsApp hakuna aliyemtoa. Mama aliiweka simu ya mwanawe dirishani, kwenye chaji. Kila mapumziko ya saa nne wenzake walituma sauti: wanamwigiza mwalimu wa hesabu, wanagombania maandazi, wanacheka hadi wanakohoa. Mama anazifungulia kwa nguvu huku anabangua karanga, naye anacheka. Mimi huku naacha vyombo kwenye beseni, nasikiliza. Kuna siku ningeapa sauti moja ni ya marehemu.

Jumatatu kengele ya mapumziko ikalia, tukaisikia sote wawili. Simu kimya. Akaifuta kwa ncha ya khanga, akaigeuza, akaichomeka upya. Kesho yake vilevile. Jioni wenzake waliulizana kazi za nyumbani tu. Kicheko kilikuwa cha mapumziko. Karanga zikalala kwenye ungo.

Wiki haikuisha, ule ukimya ukanishinda. Nikaitafuta namba ya binti kwenye simu yangu. Ujumbe wake wa mwisho bado upo: "Shikamoo. Mvua inakuja, mama hayupo, tuanulie nguo." Chini yake, mimi na akili zangu za kidato cha nne, nikatuma kikatuni cha mbuzi anayecheza.

Simu ikalia ng'ambo ya ukuta. Nikasikia kigoda kinaanguka, miguu inakimbia. Kwangu zile alama mbili zikageuka buluu, kama binti amesoma mwenyewe. Mwili ukanisisimka, na jua lote lile!

Kisha kichwa cha mama kikatokeza juu ya ukuta. Hakuna salamu ya mwangaluka, hakuna habari za asubuhi.

"Umeipata?" nikauliza, mjinga mimi.



"Jirani, mimi nilikuwa nawasikiliza watoto wakicheka. Wewe huchekeshi."