Uvundo wa Kiko cha Bibi

Mwenzangu, kama jana baada ya alasiri ulipita kichochoroni kwetu Mji Mkongwe ukamsikia mwanamke anafoka, ndiye mimi. Siombi radhi. Na kama ulikuwa miongoni mwa waliosema, "Muacheni, ana mtoto mchanga huyo, halali usiku," basi kaa kitako nikusimulie, maana hasira zile hazikuanza jana. Zilianza Makunduchi, uani kwa bibi yangu, nikiwa na miaka minane.

Kwanza ya jana. Chini ya nyumba tunayokaa alikuwapo fundi cherehani. Huyo kahama, na sasa pamewekwa mito, taa za rangi na mabomba ya shisha. Binti yangu wa miaka saba alirudi chuoni, juzuu mkononi, mtandio umemteremka mabegani, akanambia, "Mama, chini wana halua ya moshi." Nikamuuliza ameijuaje. "Yule kaka kanambia ninuse. Kasema imekuja leo, kila anayepita anaionja harufu yake."

Nilimpachika mdogo wake kiunoni nikashuka ngazi mbili mbili.

"Karibu bibie," akasema yule kijana, meno nje. "Umekuja kuonja? Mpya hii, ya halua. Iliki, zafarani, kila kitu."

"Umemnusisha mwanangu?"

"Kanusa tu, bibie. Si kali. Matunda na sukari hii."

"Tumbaku haimo?"

Akacheka. "Imo kidogo, ya kushikia ladha."

"Basi kamwite na mwanao aje anuse."

"Mimi sina mwana."

"Ndiyo maana unachukua wa wenzio!"

Hapo ndipo kichochoro kizima kiliponisikia. Ila mimi nilikuwa nshaondoka pale. Nilikuwa Makunduchi, na kifuu cha moto mkononi.

Bibi yangu, mama wa mama, alikuwa mvuta kiko. Nalisema wazi, maana siku hizi tukiwakumbuka wazee wetu tunawasafisha mpaka wanakuwa malaika. Asubuhi maji yakitoka alishuka pwani kwenye mwani wake, akirudi kanga imeroa na vidole vimekunjamana kwa chumvi. Tulikula muhogo wa nazi na pweza, tukasugua sufuria kwa mchanga na makumbi ya nazi. Akishaswali alasiri alitoka uani, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanyoosha miguu na kuita, "Mjukuu wangu!" Naam, bibi. "Nipe ugonjwa wangu."

Ndivyo alivyokiita kile kiko. Hakupata hata siku moja kunambia kwamba ni kitu kizuri.

Tumbaku yake aliipanda mwenyewe, kwenye vishimo vya udongo mwekundu baina ya mawe nyuma ya nyumba. Majani aliyaanika, akayasokota kama kamba, akayatundika juu ya jiko mpaka yakawa meusi. Unataka kujua ilivyonuka? Chukua makumbi yaliyofukuliwa matopeni pwani, yachome pamoja na kandambili kuukuu. Mbuzi walihama. Anayepita njiani alijua bila kuuliza kwamba bibi yuko nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kumletea kaa la moto ndani ya kifuu cha nazi. Nililiweka juu ya kiko kwa vijiti viwili, na hapo hapo niondoke, niende nikakae joshini, ule upande upepo unakotoka, nyuma ya mgongo wake. Alilamba kidole, akakiinua hewani, kisha akanionyesha pa kukaa. Upepo ukigeuka, na mimi nageuka. Hakuna mtoto aliyekaa upande wa moshi katika ua ule, awe wetu au wa jirani. "Kifua cha kukohoa kipo kimoja," alikuwa akisema, "na kinatosha." Na kweli alikohoa. Alikohoa mpaka kanga ikamvuka kichwani, na mimi nikampigapiga mgongoni kwa kiganja changu kidogo.

Siku moja akaja mjomba kutoka mjini. Mjomba alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa, na kile kiko alikionea haya. Alikuja na kopo jekundu, kifuniko cha rangi ya dhahabu.

"Mama, nshachoka na maneno ya watu. Nimekuletea tumbaku ya kistaarabu."

Akafungua. Ewe mwenzangu! Uani kulijaa harufu ya asali na vanila, kama kuna keki inapikwa. Jirani, shoga yake bibi, alivuka ua bila ya kuitwa, akaitumbukiza pua ndani ya kopo.

"Shoga, hii si ya kuvuta hii! Nipe niitie chetezoni, nifukizie nguo za harusi."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akakikung'uta kiko chake, akakijaza ile mpya, mimi nikaleta moto. Akavuta mara ya kwanza, akafumba macho. Akavuta mara ya pili. Mjomba hakuweza kuvumilia.

"Enhe, mama?"

"Tamu," bibi akasema. "Tamu kweli. Laini, haikwaruzi."

Mjomba akamtazama jirani kama mtu aliyemfunga mwenziwe bao. Bibi akavuta mara ya tatu, na kwa mazowea akageuza shingo kunitafuta joshini. Sikuwapo. Nilikuwa mbele yake, katikati ya moshi, nimefumba macho na mdomo nimeuacha wazi. Nilikuwa nikiumeza. Tumbo langu liliniambia ni kitu cha kula.

Akautoa mrija mdomoni. Hakunipiga. Alinishika mkono taratibu akanivuta nyuma yake, kisha akamwambia mjomba, "Umemwona?"

"Nani?"

"Huyu. Yangu inamfukuza. Yako inamwita."

Akakigonga kiko juu ya jiwe, majivu na moto vikamwagika. Akachukua kopo, akanyanyuka, akashika njia ya chooni.

"Mama! Zawadi hiyo!"

"Zawadi ya nani? Mimi nshanasa zamani, sihitaji kutiliwa sukari. Sukari hutiwa kwa asiyekuja mwenyewe."

Tukasikia kopo linagonga chini ya shimo. Mjomba alinuna, chai ya mchaichai na mkate wa kumimina hakugusa. Jirani alisikitikia nguo zake za harusi. Mimi nililia, nakiri. Nilililia kopo.

Sasa nambie. Mwanamke yule hakuingia darasani hata siku moja, na alihitaji kuvuta mara tatu tu kulijua lengo la ile tumbaku. Mimi nimefika fomu foo, na hawa wa chini wana simu za kila aina, tunaambiana "ya kushikia ladha". Ya halua! Halua yetu, ya Idi na ya harusi, sahani ya kumkirimu mgeni, ndiyo imegeuzwa chambo cha mtoto anayetoka kusoma Kurani!

Lile neno la bibi la sukari nilimtupia yule kijana usoni. Akajibu, "Ya kizamani hayo, bibie. Kama harufu inakukera funga dirisha."

Nifunge dirisha. Nililamba kidole palepale, nikakiinua mbele yao wote. Ukuta huku, ukuta huku, na moshi unapanda ngazi zetu. Joshi iko wapi humu? Nimkalishe wapi mwanangu? Na wale wazee wa kukaa barazani, watu wazima wenye wajukuu, waliendelea na kahawa yao. Mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo: "Taratibu mama, wageni wanasikia." Wageni! Uani kwetu jirani yeyote angenishika sikio akanipeleka joshini, kisha angeendelea na mazungumzo yake. Hiyo ndiyo iliyopotea, mwenzangu. Kiko sikililii.

Kwa sheha wa mtaa wetu nitakwenda, na wanawake wa ghorofani nitakwenda nao. Lakini jana nilipanda juu nikafungua kasha langu. Bibi alipofariki, kwa kifua kilekile, niliomba kitu kimoja tu na mjomba akanicheka. Nikakifungua kitambaa, nikampa binti yangu kiko.

"Nusa na hiki."

Alinusa. "Uh! Mama, kinanuka!" Akakimbilia pembe ya pili ya chumba, pua kaibana kwa mtandio. Nilicheka hadi nikakaa chini. Marehemu bibi, bado unamfukuza mtoto moshini.

Kisha nikanusa mwenyewe. Zamani ukifungua kasha tu, chumba kizima kilijua. Jana ilinibidi niibandike pua ndani kabisa ya kiko, nivute pumzi mara mbili, ndipo nikaupata ule uvundo, mwembamba kama uzi.

Na mdogo wa binti yangu, anayeungoja na yeye umfukuze moshini, ndiyo kwanza ana miezi sita.