Rangi ya Kucha ya Mama Dharau

Mama Dharau hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Alilifanyia kazi. Gereji yake ilikuwa ya mwisho kwenye barabara ya maduka ya vipuri, na shughuli yake ilikuwa moja tu: kuzipanga injini upya kwa kompyuta ili zitoe nguvu zaidi, gari likiwa limefungwa minyororo juu ya mashine ya roli, magurudumu yanakimbia na lenyewe haliendi popote. Waliokuja kwake ni wanaume waliochoka kupitwa barabarani. Aliwadharau wote bila upendeleo, nao hawakuacha kuja, maana kazi ile hakuna aliyeiweza kama yeye.

Aliowadharau kupita wote ni wale waliojifungia vipuri wenyewe kabla ya kumletea gari. Hawa aliwaita wahitimu wa simu. Mtu anatazama video akiwa amelala chali kitandani, asubuhi anaamka fundi. Ananunua tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi, ananunua ekzosi ya kunguruma, anaazima spana kwa jirani, anaingia uvunguni na shati la ofisini. Akitoka huko boliti zimembakia mkononi, naye bila haya anakwambia kiwandani waliweka za ziada. Mmoja alileta gari aliloliziba bomba la hewa kwa soksi ili vumbi lisiingie wakati wa kazi, kisha akaisahau humo humo. "Injini yako ina mafua," Mama Dharau alimwambia. Akaichomoa soksi kwa koleo mbele ya wateja, akaitundika ukutani. Ipo hapo hadi leo.

Kwa sababu ya watu wa namna hiyo, hakuwasha kompyuta kabla ya kukagua kila boliti. Akishaikaza kwa spana mpaka aridhike, alichovya kiburashi kwenye kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Boliti ikilegea, mstari unakatika na jicho linaona. Mafundi wengine hutumia kalamu ya rangi. Yeye alitaka kichupa chake, ingawa kucha zake mwenyewe hazikuwahi kuonja hata tone.

Alikuwa na binti mmoja. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, lakini Mama Dharau aliapa kwamba wa kwake hatasana wala hatavukuta. Mtoto alikulia kwenye chumba cha vioo pembeni mwa gereji, vitabu mbele yake, mlango umefungwa. Akitoka alirudishwa. Akiuliza alijibiwa jibu la kumfunga mdomo, mama mwenyewe kainama chini ya boneti, hata hageuki. Basi akasoma, akawa mfamasia, akavaa koti jeupe. Mama Dharau aliwaringia watu kwa koti lile kuliko kwa injini zote alizowahi kuzipanga.

Sasa binti huyo alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa hesabu, mpole, mwenye gari dogo la zamani na ndoto kubwa juu yake. Mama Dharau alimwona mara moja, ikamtosha.

"Najua utamkataa, mama," binti alimwambia wakiwa jikoni, akimenya viazi kwa shida, vidole viwili vimefungwa plasta. Alisema chupa ya dawa ilimvunjikia kazini. "Ukimkataa sitakuvunjia heshima, nitaachana naye. Ila usimkatae kwa maneno. Amefungiwa tabo kwenye gari lake, anakuja kwako umpangie injini. Mpime kama unavyopima magari."

"Kafungiwa wapi hiyo tabo?"

"Nyumbani."

"Nyumbani!" Mama Dharau alicheka mpaka akashika meza. "Basi jibu unalo, mwanangu. Usimenye viazi vya harusi."

Siku ya siku ikafika. Mwalimu aliingiza gari taratibu, akashuka, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua boneti, mimi si mganga."

Akafungua. Mama Dharau aliinama, akavuta pumzi puani, akacheka kidogo. Alianza na nyaya. "Hizi umezifunga au umezisuka?" Akahamia kwenye mabomba. "Klipu hii imewekwa kichwa chini. Na wewe ulizaliwa hivyo?" Kila alichokiona alikitolea neno, na maneno mengine hayaandikiki. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri magari yao walisogeza viti karibu. Mwalimu alisimama, mikono nyuma, akijibu "ndiyo, mama" na "samahani, mama," wala hakujitetea hata mara moja. Hilo nalo likamuudhi Mama Dharau. Aliona anapiga gunia la pamba.

Akaunganisha kompresa, akajaza upepo kwenye mabomba ya hewa, akapaka maji ya sabuni kwa burashi. Pale bomba linapokutana na injini, povu likachemka.

"Umeona?" Alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Hewa inavuja hapa. Kompyuta itadanganywa, na ningekimbiza gari hili juu ya roli, injini ingeungua mbele ya macho yako. Hesabu unafundisha watoto wa wenzio, kukaza boliti huwezi! Na mtu kama wewe ndiye nimkabidhi mwanangu?"

"Hapana, mama. Yaani, ndiyo. Samahani."

Mama Dharau alifuta povu kwa kitambaa ili awaonyeshe wale wateja boliti yenyewe. Akainama karibu zaidi. Juu ya boliti palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Akaifuta ya pili, nayo ina mstari. Zote zilikuwa na mistari hiyo, imenyooka, imechorwa kwa mkono uliotulia. Akaishika ya kwanza kwa vidole viwili tu, ikazunguka.

Safari hii aliuliza bila tusi. Wateja walitazamana, maana jambo hilo hawakuwahi kulisikia.

"Nani amefunga hizi?"

"Mimi, mama."

"Lete mikono."

Mwalimu alisita, kisha akainyoosha. Mtu aliyefunga tabo kwa mara ya kwanza hutoka hana ngozi kwenye vifundo vya vidole. Mikono ile haikuwa hata na mkwaruzo, ilikuwa na chaki tu kwenye kucha. Mama Dharau akaviona tena vile vidole vya jikoni, na plasta zake, na ile chupa ya dawa iliyovunjika.

"Muongo mkubwa wewe," alisema, lakini safari hii kwa sauti ya chini. "Nimekutukana saa nzima. Kwa nini umekaa kimya?"

"Aliniomba. Alisema ukijua ameshika spana utaumia kuliko ukinikataa mimi."

"Mpigie. Aje sasa hivi."

Duka la dawa halikuwa mbali. Binti alifika kwa miguu, bado yuko ndani ya koti jeupe. Aliona boneti iko wazi, akamwona mchumba wake amesimama kama mwanafunzi aliyetolewa nje, akajua. Mama Dharau hakumsalimu. Aliizungusha boliti kwa vidole viwili mbele yake.

"Hii haikukazwa. Imepakwa rangi ikiwa imelegea. Nani mjinga aliyekufundisha kwamba ukishapaka rangi, kazi imekwisha?"

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Nilikuwa mdogo. Nilikuuliza hiyo rangi ni ya nini. Ukaniambia ndiyo inayoshika boliti, nirudi kwenye kitabu changu." Binti alitazama kile chumba cha vioo. "Nikarudi."

Mama Dharau alitafuta tusi. Alikuwa nayo ya kila aina, ya wajuaji, ya wavivu, ya wenye soksi, na hata moja halikumtoshea aliyestahili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alisimama, kitambaa chenye povu mkononi, wateja wakimkodolea macho, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kisha akavua ovaroli yake, akamrushia binti kifuani.

"Vua hilo koti. Tunalegeza zote, tunaanza upya. Utakaza mbele yangu, na rangi hutaigusa mpaka nikwambie." Akamgeukia mwalimu, aliyekuwa bado na mikono yake imenyooshwa. "Na wewe, mkwe, shika taa. Umesimama hapo unaziba mwanga."