Mkono wa Kushoto wa Mdogo Wangu

Niseme mapema: namwonea wivu mdogo wangu, na wivu wenyewe haujapungua kwa umri.

Sote wawili tulizaliwa watu wa mashoto, na tulijifunza tenisi kwenye kiwanja cha saruji ambacho mameneja wa shamba la mkonge, hapa Korogwe, walikiacha kipasuke. Baba alikuwa mlinzi wa pale. Wavu tuliusuka wenyewe kwa kamba za katani. Mimi ndiye niliyetangulia kushika raketi. Lakini bibi, Mzigua wa Kwedizinga asiyefanya mzaha na adabu, hakuvumilia mjukuu anayekula ugali kwa mkono wa kushoto. Kila tulipokaa kula alinifunga mkono huo kwa kipande cha kanga, mpaka ule wa kulia ukazoea kila kitu, raketi pia. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, bibi alikuwa amechoka. Akasema, "Huyu muacheni tu."

Kocha mmoja wa tenisi alipokuja kutafuta mtoto mmoja wa kumpeleka Dar, nilimfunga mdogo wangu seti mbili. Akamchagua yeye. "Mashoto wanawasumbua sana wapinzani," alimwambia baba, nami nimesimama hapo hapo na mkono wangu wa adabu.

Akawa mchezaji wa kulipwa. Nairobi, Kairo, Tunisi. Picha za hoteli, picha za viwanja vyekundu. Mimi nashona sare za shule, na wateja huniita dada wa mchezaji. Akishinda, siku hiyo nashona upande upande na kufumua. Akitolewa raundi ya kwanza, nampigia kumpa pole kwa sauti nzuri kabisa, kisha napika huku naimba.

Mwaka jana bega lilimuuma. Akanipigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Daktari anasema nikipumzika litapona. Mama anasema nikazane, kocha naye hivyo hivyo. Wewe hujawahi kunipamba. Niendelee au nirudi?"

Jibu nilikuwa nalo. Mechi zake nilizitazama kwenye simu, nikarudia na kurudia. Hakuwahi kucheza vizuri kama mwaka ule.

"Rudi nyumbani," nikasema. "Umepambana vya kutosha."

Akarudi. Sasa anafundisha shule ya msingi huko Handeni, bega limepona kabisa, na kila akija kunitembelea ananishukuru kwa kumwambia ukweli.