Edouard na Maji ya Chole

Tangu ujana hadi alipostaafu, Edouard Kaseba alifanya kazi ya pampu chini ya mgodi. Maji yaliingia, yeye akayatoa. Usiku yakaingia tena. Kwa hiyo siku aliyotangaza mezani kwamba anataka kuingia baharini kwa hiari yake, mkewe Edith aliendelea kutoa miiba kwenye samaki, akidhani hakusikia vizuri.

Chanzo kilikuwa binti yao, Syntiche, anayefanya kazi Dar es Salaam katika ofisi inayopitisha mizigo ya Wakongo bandarini. Aliwaalika wazazi waje kupumzika, akawatumia video ya visiwa vidogo vya upande wa Mafia: watu wamebeba mitungi ya hewa mgongoni, wanaelea taratibu chini ya maji, na samaki wa manjano wanawapita kana kwamba hawana habari nao. Edith aliangalia mara moja akarudisha simu. Edouard alibaki nayo mpaka chaji ikaisha.

"Mama Syntiche," alisema, "mule hamuna makelele."

"Na mupepo ya kupumua pia hamuna."

Mipango ikaanza hivyo hivyo. Syntiche alieleza kwa simu kwamba wanaoanza huzamia wakiwa na mwalimu, hawaendi kina kirefu, ila wajue kuogelea kidogo, na daktari awapime kwanza. Edouard hakujua kuogelea. Alikwenda kwenye hoteli moja yenye pisini, yaani bwawa la kuogelea, akaelewana na Franck, mlinzi wa pisini, mtu mzima mwenye mvi na filimbi. Edith alimfuata. Hakwenda kumtia moyo. Alisema mtu akifa mbele ya wageni, inafaa awepo wa kumfunika.

Pale Kampemba, mtaani kwao huko Kongo, habari haikai ndani. Ilipojulikana kwamba Papa Edouard anajifunza kukaa chini ya maji, jirani yao Mujinga alikuja na kiti chake mwenyewe, akauliza hali ya kila mtu nyumbani, ndipo akateremsha sauti.

"Papa Edouard, kama ni mamba muntu njo unaenda kuona, utuambie. Ule mwanamuke wa mayi anapatiaka bantu utajiri, kweli, lakini kiisha anaombaka mutoto."

"Batoto yangu bote balisha kukomaa. Atabeba nani?"

Mujinga alifikiri. "Syntiche njo anaikalaka karibu na bahari."

Akakunja kiti chake akaenda. Jumapili, nje ya kanisa, watu wawili walimsalimia Edouard kwa heshima isiyo ya kawaida, na mmoja, kana kwamba utajiri umeshafika, akamwomba amtafutie mwanawe kazi.

Kwenye pisini mambo hayakwenda. Miguu ya Edouard, iliyozoea mabuti ya mpira, ilishuka chini kila alipoachiliwa.

"Papa, legeza mwili," Franck alimsihi. "Mayi itakubeba."

"Mayi naijua mimi. Haibebake muntu."

Edith alikuwa akikaa pembeni na kitambaa cha kujifutia. Siku moja, joto la mwezi wa kumi likamshinda. Akanunua vazi la kuogelea pale pale mapokezi, akateremka ngazi, akalala chali kama Franck alivyokuwa akimhubiria mumewe, na maji yakambeba. Akabaki anaangalia mawingu kama yuko kitandani kwake. Edouard, mikono yote miwili ukingoni, alimtazama.

Daktari wa masikio, Abigaïl, alimulika sikio la kushoto la Edouard muda mrefu.

"Papa, huku kulipita nini?"

"Baruti. Zamani, mu mugodi."

"Ngoma ya sikio iko na tundu, haikufunga. Ukishuka, mayi itaingia mpaka ndani, utapata kizunguzungu, hautajua juu ni wapi na chini ni wapi. Mimi siwezi kukubali."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kwa kuwa Edith alikuwa amekaa pale, daktari akampima naye. Hakumkuta na kasoro yoyote.

Nyumbani Edouard alivua viatu. "Ambia Syntiche tutaenda kumuona yeye tu. Ile ya mayi imeisha." Akatoka kwenda kulisha kuku, ambao walikuwa wamekwisha kula.

Edith alikuwa akichambua mboga za lengalenga. Mumewe aliporudi ndani, akamwambia bila kuinua kichwa, "Haijaisha. Nitaingia miye."

"Weye?"

"Unataka kujua kule chini kuko namna gani, ao hautaki?"

"Nataka."

"Basi."

Mwezi wa kumi na mbili walivuka mpaka wa Kasumbalesa, wakapita Zambia yote kwa basi, na baada ya kukaa kwa Syntiche wakafika Chole, kimojawapo cha visiwa vile vya video. Mwalimu wa kuzamia, mtu wa kisiwani, alimweleza Edith kila kifaa, kisha akauliza, "Umeelewa, mama?"

"Nimesikia."

"Kusikia umesikia. Lakini umeelewa?"

"Njo vile nasema," alijibu, maana kwao kusikia ndiko kuelewa. "Nimesikia."

Akajirusha nyuma kutoka ukingoni mwa mashua kama alivyoonyeshwa, akatoweka.

Edouard aliazima miwani ya kuzamia. Nahodha wa mashua akamshika mkanda wa suruali, naye akainamisha uso majini, masikio nje. Akaona mawe yenye umbo la kabichi, na juu yake mkewe anapita kando ya mwalimu, mikono ameikunja kifuani kama anakwenda kupokea komunyo. Akasahau kuinua kichwa, akameza maji ya chumvi, akakohoa, akarudi tena.

Edith alipopanda, alama nyekundu ya miwani ilikuwa imemzunguka uso.

"Uliona nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

"Nipumuzike kwanza, baba."

Alipumzika, akasimulia mpaka jioni. Kulikuwa na mmoja mkubwa aliyelala chini ya jiwe, amenuna, hakutaka kuamka.

"Na giza?" Edouard aliuliza.

"Giza wapi? Jua linaingia mpaka chini."

Hilo Edouard hakulitegemea. Miaka yote ya kushuka mgodini hakuwahi kukaa chini bila taa.

"Mpaka chini kabisa?"

"Kabisa."

Asubuhi iliyofuata Edith alizamia tena, safari hii bila kuulizwa na mtu kama ameelewa. Edouard alitangulia kwenye mashua, akachagua upande wenye kivuli, akakaa kungoja masimulizi.